Ng'ombe wa Ndulele

Jumatatu, 3 Juni 1912

Ukungu tangu alfajiri. Mlima haukuonekana. Nimefundisha kusoma mpaka sauti ikakauka.

Baba ameshuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi. Amemtengenezea binti yangu Rebeka ng'ombe wa matunda ya ndulele, miguu ya vijiti, kama alivyokuwa akinitengenezea mimi. Nilitamani kucheza nao. Mtu mzima na ndevu zake!

Misheni wamesema: Jumatatu ijayo tunahamia Moshi. Kabla ya hapo Baba lazima ambariki mjukuu wake, amtemee mate kichwani. Nani ajuaye kama wataonana tena. Mchungaji hapendi desturi hiyo. Shauri yake.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Baba alikuwa uani anakunywa uji. Rebeka akamlaza ng'ombe mmoja chini, akainua kijiti, akapaza sauti: "Lala! Hamsa ishirini!"

Neno hilo amelisikia kwa askari wa Boma. Wanalitamka sokoni wakicheka. Ana miaka minne, anadhani ni mchezo.

Baba akainuka, akashika njia ya mlimani. Uji umebaki.

Mke wangu alitaka kumchapa mtoto. Nikamshika mkono. Kumchapa kwa neno hilo! Jamani.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala.

Hamsa ishirini: viboko ishirini na tano, basi. Wakati wa kujenga Boma la Wadachi wanaume wetu walibeba mawe. Aliyechelewa alilazwa kifudifudi mbele ya watu, mmoja anapiga, mwingine anahesabu kwa sauti. Baba alichelewa. Mimi nilikuwa nimemshikia fimbo yake ya kuchungia.

Nawachukia Wadachi. Kesho nitawaamkia kwa adabu, kama kawaida.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepanda kwa Baba. Alikuwa akipalilia kahawa, hakugeuka. "Neno lile limeingia mpaka nyumbani kwako," alisema.

Nimepita penye zizi letu la zamani. Magugu matupu. Ng'ombe walichukuliwa wote na Wadachi, hata ndama. Zamani jioni Baba alisimama mlangoni pa zizi. Hakuhesabu, kwetu kuhesabu mifugo ni kuitakia mabaya. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, nami nimebeba kibuyu kinachonuka moshi na maziwa. Nilikuwa na raha wakati ule, wala sikujua.

Nimelia njia nzima.

Jumapili, 9 Juni

Tumetoka kanisani, Baba hayupo. Mizigo imefungwa. Nilikata tamaa.

Alasiri akaja. Alinipita, akachuchumaa kwa Rebeka. Akamwinua yule ng'ombe aliyelazwa, akamrudishia mguu uliochomoka. Kisha akampa kila mmoja jina. Kijivu. Nyota. Mama Madoa. Majina ya wale waliochukuliwa. Nilikuwa nimeyasahau!

"Huyu Pembe Moja hukawia njiani," akamwambia. "Msubiri tu."

Rebeka akayarudia yote. Baba akamtemea mate utosini, akamshika kichwa kwa muda mrefu.

Jumatatu, 10 Juni

Tumelala Usa, njiani kwenda Moshi. Miguu inauma.

Jioni Rebeka amesimama mlangoni pa kibanda cha watu, anawaita ng'ombe wake. Wote wakaingia. Pembe Moja alichelewa.

Akamsubiri.