Kiti Kinachoitwa Marshali

Sange, Jumapili

Nimeficha jambo moja tangu nikiwa mwalimu kijana, na sasa linataka kunifuata kaburini.

Kuanzia hapa hadi Bwegera, kiti chenye mguu mmoja mfupi kinaitwa Marshali, kwa sababu eti Rais wetu wa zamani, aliyejiita Marshali, alikalia changu alipopita. Maseremala wakaiga hata ule mguu. Kiti kisichoyumba hakipati mnunuzi.

Leo seremala Bahati alikuja kunipima kwa ajili ya jeneza. Sikukasirika, najua siku zangu zimebaki chache.

"Papa Mwalimu, sanduku yako nitaitengeneza Marshali kabisa. Pa miguu itakuwa chini kidogo."

"Nitateleza."

"Weye utateleza wapi? Utakuwa umekufa!"

Wanangu walicheka, kisha wakamshukuru kwa heshima hiyo. Mimi nilitaka tu kulala sawa, baada ya maisha yote ya kuyumba...

Kesho nitawasomea haya. Mguu ule niliukata mwenyewe, maana sakafu yangu ya udongo ilikuwa na kinundu. Rais hakukalia kiti changu. Alipita Sange bila hata kushusha kioo cha gari.