Paka Hatupwi

Baba, na nyinyi mapacha,

Nimempeleka kitoto cha paka kwa daktari wa mifugo, na nitarudi naye mtake msitake. ~~Jioni tutazungumza.~~ Hakuna cha kuzungumza. Kweli, asubuhi ameharisha tena kwenye zulia, na Baba umesema leo lazima atupwe. Hatupwi ng'o! Daktari alishakataza maziwa, kwamba yanamvuruga tumbo. Sasa nilipokuwa napiga deki nimekuta kisosi cha maziwa nyuma ya mlango, na kingine chini ya kitanda cha mapacha. Huruma gani hiyo?

Zulia nimelianika. Mvua ikija liingizeni.

Na Baba, kisosi cha tatu kilikuwa chini ya kiti chako. Tena wewe umempashia moto.

Kifungua mimba wako