Majina ya Harusi Niliyoyafuta

Kadzo mwanangu,

Usiiwashe kompyuta. Samaki yumo sufuriani, mfunike vizuri, paka yuko hapa hapa.

Asubuhi alikuja mkweo, Mzee Charo, kutazama orodha ya waalikwa wa harusi yako. Akaziona zile disketi ulizopewa chuoni Griffins, akaniuliza kama najua kuitia kompyuta programu mpya. Uliniambia nisiziguse mpaka uyanakili majina yaliyomo kwenye kompyuta. Lakini mkwe anauliza, nami nimekaa kwenye kiti chako kama bwana mkubwa! Nikasema najua. Nikatia disketi ya kwanza, nikaiwasha kompyuta. Ikauliza kwa Kiingereza kama ifute kila kitu. Swali nililielewa, mwanangu. Niliona haya kusita mbele yake, nikabonyeza ndiyo.

Majina yote mia tatu yamekwenda. Mzee Charo akanipa mkono, akanisifu.

Nimekwenda kwa shangazi yako Mbeyu anitajie majina upya, niyaandike kwa kalamu.

Mkwe atapita tena jioni. ~~Usimwambie kitu.~~ Mwambie. Mwambie babako hajui kompyuta. Mimi nilikuwa naye saa nzima, nikashindwa kulitamka neno hilo.

Babako