Kamera Iliona Kanzu, Haikumwona Mama

Kangemi, Nairobi

Wafula,

Huna haya. Mzee mzima, karani wa kanisa, unasimama mbele ya waumini wote kumwambia mjukuu wako kwamba kamera yake ni ya kuchezea na mikono yake ni ya kuosha sufuria! Bahati yako siku ile nilikuwa jikoni na akina mama, sikusikia. Sasa nimesikia, na utanisoma mpaka mwisho. Naandika kwa sababu kwenye simu ukichoka nami unasema netiweki imepotea. Karatasi haina netiweki.

Haya, salamu. Mimi niko. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini sukuma wiki inatoka sokoni na sijalala njaa. Wewe je, kifua kimepoa? Mahindi mmeanua? Na mama anakula? Nauliza ya mama kwa sababu mke wako alinipigia juzi akasema siku hizi mama anakaa kwenye kiti asubuhi tu, jua likipanda kidogo anarudi kulala. Nilipokata simu nilikaa juu ya gunia la kabeji, mteja akajipimia sukuma mwenyewe. Mama yetu amezeeka hivi, Wafula, na hana picha hata moja inayofanana naye, kuna ile ya kitambulisho tu, ambayo yeye mwenyewe akionyeshwa huuliza, "Huyu ni nani?"

Jioni nikamwambia Nekesa, funga kamera yako, twende nyumbani umpige mama, kukhu yako mkubwa, picha ya maana. Akaangalia chini. "Kukhu, mimi siendi. Natafuta mtu wa kumuuzia hiyo kamera." Ndipo akanieleza maneno yako. Kumbe tangu tulipotoka kwenye ile sherehe ya kanisa mwezi wa nane, hajaigusa. Mimi ananiambia imeharibika, na iko chini ya kitanda imefungwa kwa leso yangu!

Sasa wacha nikwambie juu ya hiyo kamera, kwa maana nimelala nayo chumba kimoja miaka miwili na ninaijua kuliko wewe uliyeiona siku moja.

Ni kamera ya mtu anayeanza. Aliyemuuzia kule mjini hakumficha. Mwili wake ni plastiki, ukiigonga inalia kama bakuli. Haipendi mvua, hapa Nairobi manyunyu yakianza Nekesa anaivika mfuko wa mkate. Lenzi iliyokuja nayo ni fupi, mtu akiwa mbali inamleta mdogo kama siafu. Ndani ya nyumba yenye giza ndipo inaponikasirisha kabisa: inanguruma, inavuta mbele, inavuta nyuma, kama mzee anayetafuta jina la mtu, na ukingoja sana inapiga ukungu. Ile taa yake ndogo inaruka juu kama kishungi cha ndege, ikikumulika uso unang'aa mafuta kama mandazi. Nimesema ubaya wote. Sifichi kitu.

Lakini juani, kaka! Kabla ya maneno yako Nekesa alikuwa akisimama mjini karibu na ofisi kubwa kubwa, watu wanaotoka mashambani wanataka picha na majengo. Simu za wenzake zinakufa saa nane, betri yake inafika jioni na inabaki. Anaweka jicho kwenye kile kidirisha, na jua liwe kali namna gani anamwona mtu, hali wenye simu wanafinya macho. Mtoto akiruka, inamshika angali hewani. Na ukitaka picha kubwa ya ukutani, haivunjiki. Kope utazihesabu.

Basi kwa nini kwenye zile picha alizopiga kanisani watu walitoka weusi kama makaa? Mimi nilitaka kujua. Jumamosi nikamwambia atoe hiyo kitu chini ya kitanda. Nikavaa kanzu yangu nyeupe ya kanisa, nikafunga kitambaa cheupe, nikasimama uani kwenye kamba za nguo. Jirani yangu Mama Brayo aliacha kufua.

"Shosho, unaenda mbinguni na hujaaga?"

"Niende nimwachie nani hiyo kamba yako uliyojaza mablanketi? Songa, unaniletea kivuli."

Nekesa akapiga. Nikaangalia. Wafula, uso wangu ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria! Kanzu yenyewe, niliyoifua kwa buluu ya kung'arisha, imekuwa rangi ya majivu. Mtoto akaanza kulia. Nikamwambia machozi hayajawahi kusafisha picha, vaa viatu.

Tukaenda Dagoretti Corner kwa kijana anayechapisha picha. Aliangalia mara moja akacheka.

"Sista, kamera yako iko sawa. Imeona kanzu, haijaona mtu."

"Ati nini?" nikamuuliza. "Eleza polepole, mimi niliachia darasa la nne."

Akanieleza kwa heshima. Kamera ikiachwa ijiamulie, ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Haijui kwamba ndani ya weupe kuna uso wa Mwafrika. Mpigaji ndiye anayepaswa kuiambia, hapa ongeza. Kuna kidude chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Nekesa alikibonyeza, akazungusha, akanipiga pale pale nje ya duka. Nikajiona mpaka kovu la ule ukuni ulionirushia tukiwa watoto.

Sasa sikia makosa yalivyogawanyika. Nekesa alikosea: alibeba kamera shingoni kwa maringo na hakuwa amejifunza kidude hicho, na hakuangalia picha baada ya kupiga. Nimemwambia, na sikupaka asali. Mimi nilikosea, nilimharakisha ili chakula kisipoe. Na wewe? Mtoto alikuomba watu watoke nje kivulini, ukasema washirika si mbuzi wa kutolewa nje. Ukawapanga wote kwa kanzu zao nyeupe mbele ya mlango uliofunguka, mwanga wote uko migongoni, mama katikati. Hata jicho la mtu lingeshindwa! Halafu ukainua simu yako ukasema, "Hii imempiga mama vizuri kuliko limashine lako." Kweli, simu ilifanya vizuri kwa kioo kidogo, imefundishwa kutafuta nyuso. Lakini ukaenda kuikuza, ukaitundika sebuleni. Mke wako ameniambia kwa siri: mama hana macho pale, ana mabaka mawili. Umetundika ukungu, na unaupangusa vumbi kila Jumapili.

Nekesa yuko tayari, mikono yake najua. Jana nilimkuta akimpiga Mama Brayo katikati ya mashuka meupe, anaongeza, anapunguza, anaangalia. Lakini kuja hapo hataki. Anasema hawezi kuingia boma ambalo aliaibishwa bila aliyemwaibisha kusema neno. Nimemgombeza, nimembembeleza, amekataa. Ana kichwa kigumu kama chako. Na mimi siwezi kumlaumu, na siwezi kushika kamera, na mama hatungoji sisi tumalize kununa.

Nisalimie mke wako, mwambie ahsante kwa ukweli wake. Nisalimie shemeji aliye kilimani, na mchungaji, na yule mjane anayemwogesha mama, mwambie namletea leso. Mama mshike mkono wa kulia umwambie Nasimiyu anakuja.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni,
Nasimiyu

Sasa kunja hii barua umpigie Nekesa leo, kabla hujala. Usimtume mke wako, usianze na hali ya hewa, na usiseme yaliyopita si ndwele. Sema, "Mjukuu wangu, nilikukosea, njoo umpige kukhu picha." Ni maneno hayo. Usipunguze hata moja.