Kitu Kinachojivuta Juu ya Kitanda cha Mama

2 Februari

Dada,

Mama amehamia jikoni. Ameniambia mwenyewe leo asubuhi, godoro ameshalikunja: chumbani kwake halali tena, kuna kitu kinatembea darini. Habari imetangulia shikamoo, univumilie. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hizo mashine za kufulia? Sisi wazima, ila tumechoka.

Alipoanza kulalamika wiki mbili zilizopita, nilipanda na tochi nikaangalia mpaka kwenye tangi la maji. Nimekuta kinyesi cha panya na popo wawili, basi. Mama yuko chini ananiuliza, "Na nyuma ya tangi?" Dada, nyuma ya tangi hapapiti mtu mwenye mabega. Popo nikawafukuza, kisha nikaziba kila tundu chini ya mabati kwa wavu na saruji. Unaijua kazi yangu: nikiziba dari, hata mjusi anaomba ruhusa. Panya sasa wamenyamaza kabisa. Mama bado anasema kinatembea, mchana, bati likishika joto. "Hakikimbii kama panya," anasema. "Kinajivuta." Nesi wa nyumba ya pili kasema ni umri.

Kutwa niko chini ya dari za watu, shingo juu. Nikirudi, naangalia ya kwetu.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa ilikuja ya pili. Mimi mzima. Mgongo usiuulize. Wiki hii tumefua mashuka ya wodi tatu kwa mashine moja. Nyingine imekufa, na msimamizi anatuambia tuiombee.

La Mama nimelisoma mara mbili. Shangazi alianza hivyohivyo, anasikia watu wanahamisha meza. Mimi siwezi kuja, ruhusa hakuna. Basi aje yeye. Kitanda nimeshamwekea, na daktari wa wazee hapa hospitalini atamwona. Tiketi yake ya basi nimekata, ya tarehe 28 Machi. Nyumba itafutie mpangaji, wewe ukae chumba cha uani. Usibishane naye habari za dari. Mwambie "ndiyo, Mama," uendelee na kazi zako.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini mashine imefufuka. Huku tunajikokota.

Mpangaji amepatikana: dereva wa lori, mkewe na mtoto mchanga. Wanaingia tarehe 7 Machi; Mama atakaa nami chumba cha uani mpaka siku ya basi. Ushauri wako nimeufuata, nimesema "ndiyo, Mama" mpaka ulimi umeota sugu. Jana kanitazama: "Umejifunza wapi kunijibu kama karani?"

La kuondoka amelikubali kwa shingo upande. Nguo amezifunga mizigo miwili. Shida ni moja. Mke wa dereva amekipenda chumba cha Mama, kina upepo, anataka mtoto alale mle. Mama amesema mtoto halali mle. Amefunga mlango, na ufunguo ameuweka anapojua yeye. "Mimi nihamisheni mnavyotaka," kasema, "mimi ni mzee wenu. Yule mtoto si wenu."

Siku ya kuingia nitafungua ubao mmoja wa dari mbele ya wote, waone hakuna kitu, tumalize.

Mdogo wako

9 Machi

Dada,

Ni chatu. Ofisa wa wanyamapori alimpima uani juzi: mita tatu na nusu. Shikamoo. Hakuna aliyeumia.

Mama alikubali kufungua mlango kwa sharti kwamba mtoto abaki barabarani na mama yake. Nikapanda ngazi. Dereva kanishikia tochi huku anacheka: "Bibi, tukimkuta huyo mgeni wako, nampakia kwenye lori." Skrubu ya mwisho sikuifikia. Ubao ulishuka wenyewe na chatu juu yake, akamwagika kitandani, palepale Mama anapowekaga kichwa. Dereva aliruka nje kupitia dirishani. Mimi sikumbuki nilifikaje jikoni. Mama alikuwa na kiti chake mlangoni. Akauvuta mlango taratibu, akafunga kwa ufunguo, akaniambia, "Haya, piga simu."

Baada ya kumtoa, ofisa alipanda juu mwenyewe. Anasema chatu aliishi nyuma ya tangi, anakula panya na kunywa maji yanayovuja. Panya walipoisha akataka kuondoka. Hakupata pa kutokea, ndiyo maana alikuwa akizunguka kutwa. Kaigongagonga saruji yangu: "Fundi, kazi safi. Ungemfungia mwaka mzima." Sijawahi kusifiwa vibaya hivyo.

Dereva na mkewe hawarudi. Mama hajatusimanga, afadhali angetusimanga. Amefua mashuka, godoro amelirudisha chumbani. Mizigo miwili iko palepale mlangoni, hajaifungua. Nimemuuliza kama bado anasafiri. "Kamuulize dada yako," kasema. "Nyinyi ndio mnaojua hali yangu." Tangu hapo hasemi na mimi. Chakula ananiwekea.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua niliisoma nimesimama kwenye chumba cha mashine, nikairudia nimekaa.

Miadi ya daktari nimeifuta. Tiketi sikuirudisha, nimebadilisha jina na upande wa safari. Msimamizi alininyima ruhusa, nikamwambia basi aiombee na mashine yangu. Alinuna siku mbili, kisha akanipa siku nne.

Usimwombe Mama radhi kwa niaba yangu, nitaomba mwenyewe. Mwambie tu mizigo aifungue, na kwamba nitalala naye, upande wa ukutani. Atanisimulia alichokuwa anasikia tangu siku ya kwanza, na hakuna atakayemjibu "ndiyo, Mama." Wewe usizibe wala usizibue kitu mpaka nifike.

Akiifungua, niandikie. Asipoifungua, nakuja hivyohivyo. Basi linaingia Jumamosi tarehe 28, saa nne asubuhi.

Dada yako