Bonde Lisilo na Wakazi

Dada yangu mpenzi, mama yangu wa pili,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua. Baba je, bado anagombana na redio yake? Sisi huku tunapumua, tena mimi nimenenepa mpaka gauni la harusi halifungi. Ndoa, dada! Mbona hukuniambia ni tamu hivi? Asubuhi mume wangu akinawa uso husahau povu sikioni, nami namfuta kwa kidole, basi siku yangu imekwisha kuwa njema.

Wenzake kazini wanamwita Penseli kwa wembamba wake. Kila mchana nampelekea chakula ofisini, ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Karani wao, mama mmoja mwenye maneno, akiniona tu hutangaza kwamba bibi harusi keshafika, wenye wivu wafumbe macho. Naona haya mpaka nataka kuingia kabatini, lakini kesho yake narudi.

Uliniuliza kazi yake hasa ni nini, nikakujibu anachora ramani. Sasa najua zaidi. Linatafutwa bonde la kujenga bwawa la maji ya mjini, na halmashauri ilimtaka aoneshe kila bonde lina faida gani likiachwa lilivyo: chemchemi zake, miti inayoshika udongo, nyuki wanaochavusha mashamba. Yote hayo yanaingizwa kwenye kompyuta, nayo inapaka rangi. Kijani kibichi ni ardhi inayowafaa watu wengi. Njano iliyopauka ni ardhi ambayo ikizama hakuna wa kulia. Siku aliyonionyesha nilijaa fahari, nikamwomba anitafutie kwetu.

Kwetu palikuwa njano.

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwa upole kwamba chemchemi hupewa thamani kwa watu inaowanywesha, na watu huhesabiwa kwa mapaa yanayoonekana kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Nikamuuliza, la dada yangu liko wapi? La baba? Akaivuta picha karibu, akaivuta tena. Majani matupu. Ile miti tuliyokatazwa kuikata tangu utoto imetufunika sote, nyumba hadi nyumba, mpaka kompyuta ikaona msitu usio na mtu.  Na mume wangu, dada, amekaa chini ya bati lako siku waliyokuja kuniposa, mvua ikapiga mpaka mjomba wake akalazimika kumsifu kwa kupayuka kama dalali mnadani!

Akaniahidi kuziongeza nyumba zetu kwa mkono. Ndiyo kazi yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa. Jioni nilimuuliza, akasema tayari. Nikalala usingizi wa mtoto mchanga.

Juma lililopita karani alinivuta pembeni kwenye ngazi, na safari hii hakuwa na mzaha. Akaniambia mwanangu, bonde la kwenu limepitishwa kujengwa bwawa, ramani ilikwenda vilevile ilivyokuwa. Nikasema haiwezekani. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mfiwa ambaye hajaambiwa.

Nikaenda mwenyewe halmashauri kupinga. Bwana wa dirishani alinisikiliza kwa adabu, akafungua ramani, akasema pingamizi hupokewa kutoka kwa wakazi tu, na bonde hili halina wakazi. Nikamwambia baba yangu yumo, dada yangu na wanawe wamo, shule niliyosoma imo. Akasema ananiamini kabisa, lakini hana uwezo wa kumweka mtu pale ambapo ramani haikumweka. Mchoraji akirekebisha kabla ya Ijumaa, wataanza upya. Nikatoka mbio kwa furaha, dada. Mchoraji si ndiye ninayelala naye?

Nilimkuta uani anafua mashati yake, maana hapendi nichoke. Nikamweleza huku nahema. Hakuinua uso. Ndipo akaniambia jambo nisilolijua, na wewe huna budi kulijua. Nyumba zetu zikiongezwa, bonde letu linageuka kijani, na linalobaki na thamani ndogo kabisa ni la mama yake. Kule walifyeka miti siku nyingi, mabati yanang'aa kama vioo, kila paa limehesabiwa. Watu wanaonekana wote, ila ardhi yao haina tena cha kuwapa. Hakuwa amesahau kutuongeza. Alituongeza, akaona rangi inahamia wapi, akatufuta. Akaniuliza, kama ningekuwa yeye, ningemzamisha mzazi yupi.

Nilimtukana, dada. Nilimwita muuaji, naye akaitikia. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikazifungua. Nilijiapiza kwamba kufika asubuhi nitakuwa namchukia. Asubuhi nikamkuta amesinzia ameketi kizingitini, na moyo wangu ukamkimbilia kama jana. Siku hiyohiyo mama mkwe akapiga simu, mwenyewe hajui lolote, kunieleza kwamba amenipandia maboga na ole wangu nisipokwenda kuyavuna. Nikacheka naye. Niliposhusha simu sikuwa na nguvu ya kumwomba mume wangu mara ya pili. Ijumaa imepita.

Wapimaji watafika kwenu mvua zikikatika. Usiwafokee, kosa si lao. Watashangaa tu kukuta watu. Mwambie baba polepole, akiwa amekwisha kula. Na kaburi la mama, dada, liko chini kabisa karibu na chemchemi, maji yataanza na yeye. Tafuteni mapema pa kumhamishia.

Wabusu wanao. Majirani wape salamu, ila habari usiwape mpaka baba ajue. Ukitaka kunikana nitakuelewa, lakini nijibu, hata mstari mmoja. Mume wangu amesimama mlangoni, anaomba niandike kwamba anakusalimu. Nimemwambia karatasi imejaa.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama