Usiivute Tena Sauti Yangu

Chumba cha uani,
Kiwanda cha kufulia mashuka.
Tarehe 9 Machi, mwaka wa tano sasa tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu mwalimu wetu, kabla sijaacha shule, alisema barua huanza hivyo. Usijipe moyo.

Hujambo? Kifua chako kimepona? Na hayo maspika yako makubwa, hayajambo? Mimi mzima. Mafua yameisha, mikono imechubuka kwa sabuni, mgongo unauma lakini bado unabeba. Salamu zimetosha, sasa tuje kwenye ugomvi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti ya simu kama tulivyozoea. Nimeandika makusudi. Karatasi huwezi kuiingiza kwenye kompyuta ukaikatakata mpaka ilie.

Dada amenieleza yote. Nilimtumia mama sauti nikiwa na mafua: "Mama, nimechoka lakini ni mzima." Ilikuwa yake, si yako. Wewe unayemfungulia simu ukaichukua, ukachomoa neno moja tu, "mama", ukaliweka kwenye programu yako inayovuta sauti kama raba. Neno la kufumba na kufumbua likawa refu kama foleni ya hospitali. Halafu ukalifungulia kwenye spika sebuleni, na mama yuko palepale anachambua mchele.

Dada anasema ilikuwa kama mtu anayeita kutoka chini ya kisima. Mama akatupa ungo, mchele ukatapakaa, akatoka nje akipiga kelele kwamba mwanawe anakufa ugenini. Majirani wakajaa uani. Na wewe, badala ya kuzima, ukamwambia dada, "Subiri kidogo, inafika pazuri." Pazuri!

Tangu siku hiyo nikipiga simu mama ananihoji kama askari wa mpakani. Jumapili aliniuliza, "Jino lako la mbele lilivunjikia wapi?" Nikamjibu, kwenye ngazi za nyumba ya bibi, nikikimbizwa na bata. Akasema, "Hata hilo ile mashine inaweza kulijua," akampa dada simu. Unaelewa, mdogo wangu? Miaka yote hii nikisema "Mama," yeye ananiitikia "Naam, baba." Kwa "naam" hiyo moja nilikuwa nabeba mashuka mabichi wiki nzima. Sasa umeninyang'anya.

Nilipokupigia kukugombeza ulinisomea hotuba. Kwamba programu zinazojulikana na kila mtu hutoa sauti za kila mtu. Kwamba wewe unachimbua zile za pembeni, zilizotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake akaziacha bure mtandaoni. Moja inasaga sauti ikawa unga. Nyingine haina hata vitufe, ni vijisanduku vitupu unaviunganisha kwa nyaya za kuchora. Nyingine hata wewe hujui inafanya nini, ila "inashangaza." Nikakuuliza, ni lazima umshangaze mama? Ukasema, "Kaka, wewe unafua mashuka, ubunifu wa sauti utaujulia wapi?"

Kweli, siujui. Nafua mashuka waliyolalia watu nisiowafahamu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunitukana kama wewe.

Usidhani sikujaribu. Jirani yangu wa kitanda, mpiga pasi, ana spika ndogo ya kuunganisha na simu. Tukasikiliza kazi zako wakati wa chakula. Ya kwanza, akauliza, "Huyu mdogo wako bomba la kwao limeziba?" Ya pili, akahamia nje na sahani yake. Ya tatu, ile uliyoitengeneza kwa mlio wa mashine yetu ya kukamua maji ya mashuka niliokutumia mwaka jana, akarudi akasimama mlangoni. Ulikuwa umeipunguza mwendo mpaka ikawa kama ng'ombe wengi wanaorudi nyumbani bila haraka. Akaomba irudiwe. Nikairudia. Hilo nakupa, lichukue, lakini usivimbe kichwa. Mashine ya kukamua haina mama.

Na bado juzi ukanitumia ujumbe: "Kaka, ukikohoa tena usifute, jirekodi karibu na mvuke." Jamani! Kama ulitaka kuniliza ungeniomba tu. Kuku wako mwenyewe, manati ya nini?

Sasa sikiliza, kwa masikio yako, si kwa programu. Sauti zangu zote zilizo kwenye kompyuta hiyo, futa. Dada asimame nyuma yako ukifuta. Milio ya mashine baki nayo, hata ya lile toroli la mashuka linalolia kama paka. Na usiende tena kumweleza mama ilivyofanyika. Dada anasema ulijaribu, ukamwonyesha ile mistari inayocheza kwenye skrini, ndipo akazidi kuamini kwamba nimo humo ndani.

Msalimie dada, mwambie cherehani isimmalize macho. Msalimie shangazi na mumewe fundi saa. Mama usimpe salamu zangu, kutoka kwako hatazipokea. Mungu akupe akili kabla hajakupa umaarufu, na akulinde, maana mimi nikifika sitakulinda.

Kwa sababu nakuja. Simu imeshindwa, basi mdomo uende wenyewe. Msimamizi alinikatalia ruhusa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu haamini kuwa mimi ni mimi. Akanitazama sana, akasaini.

Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, asubuhi. Usije kunipokea stendi. Zima vyombo vyako vyote, maikrofoni ibaki kabatini, na wewe ukae nje ya geti. Nitasimama mlangoni niite "Mama" mara moja, kwa urefu wake wa kawaida. Akiitika, "naam" hiyo ni yangu peke yangu.

Ndugu yako anayekupenda kwa shida,
Kaka